Asubuhi ya matokeo: jinsi seva nyingi zinavyogawana umati mmoja

Jioni ya Jumatatu, tarehe 13 Januari 2025, huko Randburg kaskazini mwa Johannesburg, Waziri wa Elimu ya Msingi wa Afrika Kusini, Bi Siviwe Gwarube, alitangaza kwamba asilimia 87.3 ya watahiniwa wa mtihani wa kumaliza sekondari, unaojulikana nchini humo kwa jina la matric, walikuwa wamefaulu. Tangazo la waziri, hata hivyo, ni la taifa zima. Halimwambii mtahiniwa mmoja mmoja kama yumo katika hiyo asilimia 87 au la. Hilo lilisubiri hadi kesho yake asubuhi, pale matokeo ya kila mmoja yalipofunguliwa.

Watahiniwa wa kawaida walikuwa zaidi ya laki 7, na nyuma ya kila mmoja wao yupo mzazi, shangazi na jirani mwenye simu mkononi. Miongoni mwao wamo pia vijana wa Yeoville na Hillbrow, mitaa ya Johannesburg ambako Kiswahili cha wahamiaji kutoka Kongo husikika sokoni na kwenye saluni. Kwa familia ya namna hiyo ukurasa usiofunguka si usumbufu mdogo. Nafasi ya chuo kikuu huthibitishwa kwa matokeo hayo, na siku za kujiandikisha ni chache.

Je, tovuti inayopokea umati kama huo inasimamaje? Wengi hudhani kwamba jibu ni kununua kompyuta kubwa zaidi. Jibu la wahandisi ni tofauti: seva kadhaa za kadiri, na mbele yake mtambo mmoja unaoamua ni seva ipi imhudumie nani. Kazi hiyo huitwa kusawazisha mzigo, na ugumu wake hauko katika kununua mtambo bali katika kuupangia masharti.

Hesabu ya umati

Tuchukue mfano wa kubuni. Robo ya watahiniwa laki 7, yaani watu 175,000, wafungue tovuti moja katika dakika 10 za mwanzo. Ukurasa mmoja si ombi moja. Kivinjari huomba maandishi, kisha nembo, picha na muundo wa herufi, na mwisho jibu lenyewe kutoka kwenye hifadhidata. Tuseme kila mtu ana maombi 20. Jumla ni maombi milioni 3.5 ndani ya sekunde 600, wastani wa maombi zaidi ya 5,800 kila sekunde. Tovuti hiyo hiyo mwezi Juni, wakati hakuna anayeikumbuka, huenda isipate hata maombi 50.

Ikiwa kila seva inamudu maombi 2,000 kwa sekunde, seva tatu zinatosha, tena kwa shida. Sasa moja izimike. Mbili zilizobaki, zenye uwezo wa kubeba 4,000, zinatwishwa 5,800. Ya pili inaelemewa, na ya tatu haichukui hata dakika moja kuifuata. Kosa la seva moja limekuwa kosa la tovuti nzima. Aidha, mtu anayeona ukurasa haufunguki hakai akasubiri. Anabonyeza tena, na tena, na kila anapobonyeza anaongeza mzigo juu ya mashine ambazo tayari zimepiga magoti.

Ndiyo maana mhandisi mwangalifu hununua seva ya nne hata kama hesabu inasema tatu zinatosha. Ya nne si ya kuongeza kasi. Ni ya siku ambayo moja itakosekana.

Mlango mmoja

Njia ya kwanza kujaribiwa haikuhitaji mtambo wowote. Mwaka 1994 kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kulikotoka kivinjari cha Mosaic, kilielemewa na wageni wa tovuti yake. Wataalamu wake waliweka seva kadhaa, kisha wakaliamuru daftari la majina ya intaneti, lile linalobadili jina la tovuti kuwa anwani ya tarakimu, limpe kila mgeni anwani ya seva tofauti kwa zamu.

Mpango huo ulifanya kazi na hadi leo unatumika. Kasoro yake ni kwamba daftari halijui nani mzima na nani mgonjwa. Seva moja kati ya tatu ikizimika, daftari huendelea kutoa anwani yake, na theluthi moja ya wageni hupelekwa kwenye mlango uliofungwa. Hata ukiifuta anwani hiyo, kompyuta nyingi duniani huwa zimekwisha kuinakili na huitumia kwa muda zaidi.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 ndipo ilipoingia sokoni mitambo maalumu ya kazi hii. Cisco ilikuwa na LocalDirector, na kampuni ya F5 ya mjini Seattle ilitoa BIG-IP mwaka 1997. Mwaka 2001 Mfaransa Willy Tarreau alitoa HAProxy, programu ya bure inayoifanya kompyuta ya kawaida ifanye kazi ile ile. Shirika dogo la Kampala au Arusha lisiloweza kununua mtambo wa gharama linaweza kuanza na programu hiyo bila kupungukiwa na mengi.

Kanuni ni moja kwa yote. Mtambo hupewa anwani moja ambayo dunia nzima inaiona, na nyuma yake huorodheshwa kundi la seva zenye anwani za ndani zisizoonekana na mtu wa nje. Mgeni hubisha kwenye anwani ya mbele. Mtambo huchagua seva, hupitisha ombi, hupokea jibu na kulirudisha. Mgeni hajui kama nyuma ya ukuta kuna seva moja au arobaini.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi siku ya kwanza. Jibu lazima lirudi kupitia mtambo ule ule. Seva ikiwa na njia yake ya mkato ya kutokea nje, humjibu mgeni moja kwa moja kwa kutumia anwani yake ya ndani, au anwani nyingine asiyoitambua. Simu ya mgeni, iliyomwandikia mtu mmoja na kujibiwa na mwingine, huitupa barua hiyo bila kuifungua. Fundi ataona ombi limefika na seva imejibu, na bado ukurasa ni mweupe. Dawa ni ama kuufanya mtambo kuwa njia pekee ya seva kutokea, ama kuufanya ubadilishe anwani ya mtumaji ili seva idhani inazungumza na mtambo wenyewe. Dawa hiyo ya pili ina gharama: seva haitajua tena mgeni wa kweli alitoka wapi, ila mtambo uamriwe kuiandika anwani yake ya asili pembeni mwa kila ombi.

Nani apewe zamu?

Sharti la kwanza la kupanga ni namna ya kuchagua. Njia nyepesi ni zamu kwa zamu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kurudi mwanzo. Inafaa pale seva zinapolingana na maombi yanapofanana. Seva moja ikiwa mpya na nyingine ya zamani, hupewa uzito, kwa mfano maombi matatu kwa mpya na moja kwa nzee.

Lakini maombi hayafanani. Anayetazama nembo anamalizana na seva mara moja; anayetafuta matokeo ya shule nzima anaishikilia. Kwa hiyo mitambo mingi huruhusu njia ya tatu: ombi jipya liende kwa seva yenye miunganisho michache zaidi kwa wakati huo. Ni busara ya mtu dukani anayechagua foleni fupi.

Busara hiyo nayo ina upofu wake. Seva iliyozimika ikifufuliwa katikati ya msukosuko, ina miunganisho sifuri. Mtambo unaiona ndiyo foleni fupi kuliko zote na kuimwagia wageni wote wapya kwa mkupuo, kabla haijapata nafasi ya kupasha kumbukumbu zake. Inaanguka tena. Inafufuliwa, inaanguka. Mitambo iliyo mingi ina sharti la kuipandisha seva mpya polepole, kwa sekunde 60 au 120, lakini sharti hilo mara nyingi halijawashwa mtambo unapotoka kiwandani, na asiyelijua halitafuti.

Mkazi wa Johannesburg akisikia habari za mzigo hukumbuka umeme. Mgao wa shirika la Eskom ulianza kuwasumbua raia kati ya mwaka 2007 na 2008, na mwaka 2023 ulifikia kilele chake. Mgao ni kuwakatia baadhi ili gridi isianguke kwa wote. Kusawazisha ni kugawa ili asikatiwe mtu. Hata hivyo, mtambo uliopangwa vizuri unajua kufanya yote mawili. Kila seva hupewa kikomo cha miunganisho, na seva zote zikifikia kikomo, wageni wa ziada huonyeshwa ukurasa mwepesi wa kuwataka wasubiri. Ni uamuzi mchungu, nao huwaudhi wakuu wa mashirika wanaotaka kila mtu ahudumiwe papo hapo. Bila ya hapo, hahudumiwi yeyote.

Kuwa hai si kufanya kazi

Mtambo hauwezi kugawa kwa haki bila kujua hali ya seva zake. Huzipima kila baada ya sekunde chache. Kwenye mitambo ya F5, kwa mfano, kawaida iliyozoeleka ni kupima kila sekunde 5 na kuitangaza seva kuwa imekufa ikinyamaza kwa sekunde 16, yaani vipimo vitatu na sekunde moja ya ziada.

Swali ni kupima nini. Kipimo chepesi kuliko vyote huuliza tu: upo? Kompyuta inaweza kujibu ndiyo ilhali programu ya tovuti iliyomo ndani yake imekwama tangu jana. Kipimo cha pili hubisha mlango wa programu yenyewe. Hicho nacho kinaweza kudanganywa, kwa maana programu inayotoa ukurasa wa kosa bado imeufungua mlango. Tena ukurasa wa kosa hutolewa haraka kuliko ukurasa wa kweli, na mtambo unaofuata foleni fupi utaipenda zaidi seva hiyo mbovu. Wahandisi waliowahi kulishuhudia jambo hili hawalisahau: seva tatu zinafanya kazi, moja ni mgonjwa, na wengi wa wageni wanapelekwa kwa mgonjwa kwa sababu anamaliza upesi.

Kipimo cha maana huomba ukurasa halisi na kusoma yaliyomo, kikitafuta neno fulani ambalo huonekana tu pale mambo yote yako sawa. Wengine huenda mbali zaidi na kuufanya ukurasa huo uulize hifadhidata. Hapo ndipo penye shimo jingine. Seva zote nne hutegemea hifadhidata moja. Ikichelewa kwa sekunde kadhaa, vipimo vinne vinashindwa pamoja, na mtambo unatangaza kwamba seva zote zimekufa wakati hakuna hata moja iliyokufa. Tovuti iliyokuwa ikienda polepole sasa haiendi kabisa.

Jibu la tatizo hilo halipo katika mtambo. Lipo katika kupunguza yale yanayotegemea hifadhidata moja. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, zimekuwa kwa miaka mingi za maandishi matupu, kila shule na ukurasa wake, bila madoido. Wako wanaozicheka kwa ukale wa sura yake. Kwa mtazamo wa anayegawa mzigo ni mpango wa kupendeza: kila seva inaweza kubeba nakala nzima, haihitaji kumuuliza mtu, na yoyote kati yake inaweza kumjibu mgeni yeyote.

Anwani moja, watu elfu

Tovuti zinazomtaka mtu aingie kwa neno la siri hazina bahati hiyo. Mgeni akijitambulisha kwa seva ya pili, kisha ombi lake linalofuata likipelekwa kwa ya tatu, ya tatu haimjui na humrudisha mwanzo. Kwa ajili hiyo mitambo hupewa sharti la kumwambatisha mgeni na seva yake.

Njia rahisi, na ndiyo inayopendekezwa na vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani, ni kutumia anwani ya mgeni: kila anayetoka anwani fulani hupelekwa seva ile ile. Barani Afrika njia hii imewaumiza wengi. Anwani za mtandao za mfumo wa zamani zimeadimika. AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius linalogawa anwani hizo barani, liliingia awamu ya mwisho ya akiba yake Januari 2020. Makampuni ya simu kwa hiyo huwapitisha maelfu ya wateja nyuma ya anwani chache. Kwa mtambo, maelfu hao ni mtu mmoja. Wateja wa kampuni moja ya simu mjini Johannesburg au Nairobi wanaweza kurundikwa wote kwenye seva moja, nayo ikazama huku tatu nyingine zikipunga upepo.

Njia iliyo bora ni kidakuzi, alama ndogo ambayo mtambo huiacha ndani ya kivinjari cha mgeni, kila simu na yake. Ili kuiweka na kuisoma, mtambo lazima uweze kufungua mawasiliano yaliyofichwa kwa usimbaji, na hivyo cheti cha usalama cha tovuti hukaa kwenye mtambo badala ya seva. Tarehe ya kwisha kwa cheti hicho inastahili kuandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Seva nne zenye afya hazitamsaidia mtu iwapo cheti cha mlangoni kimekwisha usiku wa kuamkia matokeo.

Mlinzi naye alindwe

Msomaji atakuwa amekwisha kuuliza: na mtambo wenyewe ukizimika? Swali ni la haki, kwa kuwa tumeondoa hatari ya seva moja na kuweka hatari ya mlango mmoja. Desturi ni kuweka mitambo miwili, mmoja ukifanya kazi na wa pili ukiusikiliza. Wa kwanza ukinyamaza, wa pili huichukua anwani ya mbele. Lakini ikiwa kilichokatika ni waya tu wa kusikilizana, kila mmoja hudhani mwenzake amekufa na yote miwili hudai anwani ile ile. Mafahali hao wawili katika zizi moja hutengenezewa njia mbili za kusikilizana, zinazopita katika nyaya na swichi tofauti.

Inafaa pia kuangalia plagi. Mitambo miwili iliyochomekwa kwenye chanzo kimoja cha umeme ni mtambo mmoja. Ni moja ya sababu za makampuni mengi kuhamishia seva zao kwenye vituo vya data vyenye majenereta na betri, kama kile cha Teraco kilichopo Isando, karibu na uwanja wa ndege wa OR Tambo.

Tena mlango ni mahali ambapo mwizi huanza. Desemba 2019 iligunduliwa nyufa katika mitambo ya Citrix. Julai 2020 ikawa zamu ya BIG-IP, ambapo ufa katika ukurasa wa usimamizi ulipewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Oktoba 2023 Citrix ilirudi tena katika habari, safari hii kwa ufa uliowawezesha wavamizi kuiba utambulisho wa watu waliokwisha kuingia. Ukurasa wa kuupangia mtambo masharti haupaswi kuonekana kwenye intaneti. Jambo hili limesemwa mara nyingi mno, na bado kurasa hizo huonekana.

Kuna na umati ambao si wa kweli. Tarehe 27 Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, unaobeba maelfu ya huduma za serikali, ulizidiwa na maombi ya kughushi, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Mtambo wa mlangoni unaweza kukataa sehemu ya maombi ya namna hiyo. Lakini mafuriko yakishaijaza njia inayoelekea mlangoni, kazi ni ya mtoa huduma wa intaneti aliye juu zaidi ya mto.

Nje ya ukuta

Liko jambo moja ambalo mtambo wa Johannesburg hauwezi kuliona kabisa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya KwaZulu-Natal, kaskazini mwa Durban. Kenya, Uganda na Tanzania ziliathirika mara moja. Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulifunga milango kwa umma kwa siku mbili. Siku kama hiyo seva iliyopo Johannesburg hupimwa kila sekunde 5 na kuonekana nzima. Taa zote ni za kijani. Mzazi aliyeko Dar es Salaam, mwenye mtoto anayesoma Afrika Kusini, haoni kitu.

Kwa sababu hiyo mashirika yenye uwezo huweka kundi la pili la seva mahali pengine. Cape Town ipo kilomita zipatazo 1,400 kutoka Johannesburg, safari ya takriban milisekunde 20 kwenda na kurudi, na inatosha kuokoa tovuti kituo kizima kinapozimika. Kwa wageni wa Afrika Mashariki dawa ni nakala ya kurasa iliyowekwa Nairobi au Mombasa. Hapo daftari la majina, lile la mwaka 1994, linarudi kazini, safari hii likiongozwa na vipimo: humwelekeza mgeni kwenye kundi analoweza kulifikia, na anwani zake huwekewa umri wa dakika moja au mbili ili nakala zisizeeke mikononi mwa watu.

Majaribio ya mpangilio wote huo hufanywa mapema, mwezi Novemba, kabla watahiniwa hawajamaliza mitihani. Maombi ya bandia 6,000 kwa sekunde huelekezwa kwenye tovuti, kisha mtu anatumwa chumba cha seva kuchomoa waya wa mashine moja, akiwa na saa mkononi. Mwenzake huketi nje ya jengo na simu ya kawaida inayotumia intaneti ya kampuni ya simu, si ile ya ofisini, na kuufungua ukurasa tena na tena. Wa tatu hufanya vivyo hivyo akiwa Nairobi. Sekunde zinazopita kati ya kuchomolewa kwa waya na ukurasa kurudi kwenye simu hizo mbili huandikwa, na masharti ya mtambo hurekebishwa, kisha waya unachomolewa tena.